Makali si wembamba: kunoa na kukagua kisu cha leithi

Hapa Mombasa kisu kikali husemwa kwamba chapata. Muuza madafu wa Mwembe Tayari hupitisha kidole gumba juu ya panga lake, akasema "lapata", na dafu la kwanza likathibitisha neno lake. Kinolewacho hupata, walisema wazee, na mimi niliuchukua msemo huo vivyo hivyo hadi kwenye leithi ndogo, mashine inayozungusha chuma mbele ya kisu ili kukikereza, niliyoifunga stoo ya nyumbani, Mikindani. Nikakinoa kisu chake kama panga: ncha ndefu, nyembamba, kali ya kunyolea. Kilikufa baada ya dakika mbili.

Kazi yenyewe ilikuwa pini ya chuma laini, kipenyo milimita 20, ya usukani wa mashua ya rafiki yangu wa Likoni. Kisu kilianza kwa mlio mwembamba, kisha mashine nzima ikatetemeka, na pini ikatoka na uso wa magamba magamba kama samaki changu ambaye hajaparwa. Nikaamini mashine ndiyo mbovu. Nilipompelekea habari mzee mmoja wa Changamwe, aliyekereza vyuma kwenye karakana za meli tangu ujana wake, hakuuliza lolote kuhusu mashine.

"Lete kisu," akasema. Akakishika, akasogea mlangoni penye mwanga, akakigeuza polepole mbele ya jicho lake. "Waona huo mstari mweupe hapo nchani?"

"Nauona, ami."

"Makali hayaonekani, mwanangu. Ukiyaona, basi hayapo. Na huku chini hakuna nafasi. Hiki chasugua, hakikati."

Maneno hayo machache yamebeba karibu kila kitu ambacho mtu mwenye leithi nyumbani anahitaji kujua kuhusu visu vyake. Nitayafungua moja moja, kwa sababu nimeona vijana wengi wakinunua mashine kwa akiba ya miaka, kisha wakaichukia, na kumbe shida iko kwenye kipande cha chuma kisichozidi kidole.

Kwa nini panga si mfano mzuri

Dafu ni nyuzinyuzi na maji. Panga jembamba huzitenganisha nyuzi hizo kwa kasi ya mkono. Hata mafundi wa mbao wa Pwani, ambao walikereza miguu ya vitanda kabla leithi za chuma hazijafika kwetu, patasi zao ni nyembamba, kwa kuwa mbao nayo hukubali kutenganishwa. Chuma hakikubali. Kisu kinapokutana na chuma kinachozunguka, tabaka la mbele yake hubanwa mpaka likashindwa, likateleza juu ya jingine, kama karata zinavyoteleza ukisukuma ubavu wa fungu. Karata hizo zikishikamana ndizo maranda ya chuma unayoyaona yakijikunja kutoka nchani. Nguvu inayohitajika ni kubwa, joto ni kali, na vyote viwili hutua kwenye ukingo usiofika urefu wa punje ya mchele. Ukingo mwembamba hapo huvunjika, au huungua.

Kwa hiyo kisu cha leithi ni kabari nene. Cha kukatia chuma cha kawaida huwa na unene wa karibu digrii 68 kwenye kabari yake. Ukimwonyesha mtu wa jikoni atakuambia hicho si kisu, ni kigingi. Lakini makali si wembamba. Makali ni mahali ambapo nyuso mbili zinakutana, na zikikutana sawasawa, bila kuviringika wala kumenyeka, hata kabari ya digrii 68 itakwangua unywele mkononi.

Nyuso hizo ni zipi? Kisu cha kawaida cha kukereza kuelekea kushoto kina tatu za kuangaliwa. Kuna uso wa juu, ambao maranda hupanda na kuteleza juu yake. Kuna uso wa ubavu wa kushoto, chini ya makali yanayofanya kazi kubwa. Na kuna uso wa mbele, chini ya ncha. Uso wa ubavu na wa mbele lazima virudi nyuma kidogo kadiri vinavyoshuka, ili kinachogusa chuma kiwe makali peke yake. Kurudi huko nyuma ndiko ami alikoita nafasi. Uso wa juu nao huinama kutoka kwenye makali, na kuinama huko nitakuita mteremko.

Nafasi, mteremko na unene wa kabari hugawana digrii 90. Kwa chuma laini, nafasi ya digrii 8 na mteremko wa ubavuni wa digrii 14 huacha kabari ya 68. Ukiongeza mteremko, kisu hukata kwa wepesi lakini ncha inadhoofika. Ukiongeza nafasi, hali ni hiyo hiyo. Ukipunguza nafasi mpaka ikaisha, kisu hakikati tena hata kiwe kikali vipi, maana tumbo lake linagusa chuma kabla ya makali. Kisu changu cha kwanza kilikuwa hivyo. Juu kilikuwa kama wembe, chini kilikuwa ukuta.

Alumini hupenda mteremko mkubwa kuliko chuma. Shaba ya manjano haitaki mteremko hata kidogo: uso wa juu uwe bapa, digrii sifuri, la sivyo shaba hukivuta kisu ndani kwa ghafla na kukikwamisha. Wanaokereza bushi za mashua wakumbuke hili kuliko yote, kwa sababu kisu kilichotoka kukata chuma vizuri sana ndicho kinachoharibu shaba. Ukiwa na kisu kimoja tu, pitisha kinoo juu ya makali upate ukanda bapa mwembamba kama uzi. Unatosha.

Urefu wa kisu hubadilisha kila kitu

Hapa ndipo watu wengi hupotea, na ndipo ninapotaka kukaa kidogo. Unaweza kunoa digrii zako kwa uangalifu wa sonara, kisha ukazipoteza zote kwa kufunga kisu juu au chini ya kitovu cha kipande.

Chukua pini yetu ya milimita 20. Nusu yake ni milimita 10. Kisu kikiwa juu ya kitovu kwa milimita moja, pembe kati ya kisu na chuma hubadilika kwa kiasi cha digrii 5.7. Nafasi uliyonoa ya digrii 8 sasa imebaki 2.3. Kwenye kipande cha milimita 6, kosa hilo hilo la milimita moja ni zaidi ya digrii 19: nafasi yote imeliwa na tumbo la kisu linasugua. Kikiwa chini ya kitovu, nafasi huongezeka lakini mteremko hupungua kwa kiasi hicho hicho, na kipande chembamba kinaweza hata kupanda juu ya kisu.

Kipimo chake hakihitaji pesa. Zima mashine. Weka rula nyembamba ya chuma wima kati ya ncha ya kisu na pini ya mviringo, kisha sogeza kisu taratibu mpaka rula ishikwe. Rula ikisimama wima kabisa, ncha iko sawa na kitovu. Kichwa cha rula kikiegemea upande wako, kisu kiko chini. Kikiinama kwenda upande wa kazi, kisu kiko juu. Tumia shinikizo dogo tu, usije ukamenya ncha uliyoinoa nusu saa. Vibati vya kuinulia kisu mimi hukata kutoka mikebe ya maziwa ya unga.

Kisu kimetengenezwa kwa nini

Kabla ya kukipeleka kisu kwenye jiwe, jua ni chuma gani, kwa sababu ukinunua kwenye vyuma chakavu hakuna atakayekuambia kwa hakika. Chuma cha kaboni, kile cha tupa za zamani, hukubali makali mazuri sana lakini kikipita digrii 200 na ushei za joto huanza kulegea. Kikigeuka rangi ya buluu kwenye jiwe, ambayo ni karibu digrii 300, pale palipogeuka rangi pamekufa.

Haispidi, yaani chuma cha kukatia kwa kasi (high-speed steel), ni jambo jingine. Frederick Winslow Taylor na Maunsel White, wakifanya kazi kwenye kiwanda cha chuma cha Bethlehem, Pennsylvania, mwishoni mwa miaka ya 1890, waligundua kwamba chuma chenye tungsteni na kromiamu kikipashwa joto karibu na kuyeyuka kabla ya kupozwa, hubaki kigumu hata kikiwa moto. Mwaka 1900 walikionyesha Paris, visu vikikata huku ncha zake zimeiva wekundu. Haispidi ya siku hizi inayopatikana zaidi ina takriban asilimia 6 ya tungsteni, 5 ya molibdeni, 4 ya kromiamu na 2 ya vanadiamu, nayo huhimili hadi karibu digrii 600. Kwa hiyo ile hofu kwamba kisu kikigeuka buluu kimeharibika ni sahihi kwa chuma cha kaboni, lakini si kwa haispidi. Kinachokiumiza haispidi ni kupashwa moto kupita kiasi, kisha kutumbukizwa majini ghafla: hupasuka nyufa ndogo zisizoonekana, na siku moja ncha hudondoka. Chovya mapema, chovya mara nyingi, kikiwa bado kinashikika. Kikishakuwa moto sana, kiache kipoe chenyewe.

Cheche zitakuambia mengi. Chuma cha kaboni hutoa cheche nyeupe zinazopasuka kama fataki. Haispidi hutoa chache, nyekundu iliyofifia, zisizopasuka sana. Kabaidi karibu haitoi kitu, na mkononi ni nzito, karibu mara mbili ya chuma cha ukubwa ule ule.

Kabaidi nitaisema hapa nimalize. Ni unga wa tungsteni na kaboni ulioshikwa kwa kobalti, ni ngumu kuliko haispidi, na viwanda haviwezi kuishi bila yake. Kwa mashine ndogo ya nyumbani naipendekeza tu kwa chuma kigumu au kile cha kalibu chenye ngozi ya mchanga. Inataka kasi kubwa na mashine imara isiyotetemeka, na jiwe la kawaida la kijivu haliinoi. Inataka la kijani la silikoni kabaidi au la almasi. Vumbi lake lina kobalti na ni hatari kwa mapafu. Usiinoe kabaidi stoo isiyo na dirisha ambamo watoto huingia kuchukua baiskeli. Na kabaidi yenye joto usiichovye majini kabisa.

Kwenye jiwe

Grainda ya mezani ya jiwe la milimita 150, kwa umeme wetu wa hezi 50, huzunguka karibu mara 2,900 kwa dakika. Ukingo wa jiwe basi unakwenda mita 23 kwa sekunde, yaani zaidi ya kilomita 80 kwa saa. Jiwe lenye ufa kwa mwendo huo ni bomu. Kabla ya kulifunga jiwe jipya, lining'inize kwa kidole au kijiti, uligonge kidogo kwa mpini wa mbao, kama mama anavyogonga chungu sokoni kabla ya kulipa. Likiitika kwa mlio safi, ni zima. Likitoa sauti ya kugota, usilifunge, hata muuzaji aape vipi. Soma pia kasi ya juu iliyoandikwa kwenye karatasi ya jiwe, uhakikishe inapita ya mota yako.

Kiegemeo kisiwe mbali na jiwe zaidi ya milimita 3. Unapowasha, simama kando, uliache lizunguke dakika nzima kabla ya kuligusa. Miwani ya kinga kila mara. Glavu, mikono mipana ya kanzu, ncha za kikoi au mtandio, vyote viwe mbali, kwa sababu jiwe likishika nguo huvuta na mkono pia. Na alumini wala shaba usiviguse kwenye jiwe hilo, huziba matundu yake na kulifanya lipashe moto badala ya kukata. Jiwe linalong'aa limeziba. Lichonge kwa chombo chake mpaka uso uwe mkavu na mkwaruzo tena. Kunoa kwa jiwe lililoziba ndiko chanzo cha visu vingi vilivyoungua.

Sasa kisu chenyewe. Chukua haispidi ya mraba wa milimita 10. Anza na ubavu wa kushoto. Digrii 8 ni vigumu kuziona kwa jicho, lakini kwenye kimo cha milimita 10, nafasi ya digrii 8 ni sawa na sehemu ya chini kurudi nyuma milimita 1.4 kuliko ya juu. Hiyo unaweza kuipima kwa vania, kipimio cha taya. Mimi nimekata vibati vitatu vya pembe, kimoja cha digrii 8, kimoja cha 10, kimoja cha 14, nimevitoboa na kuvitundika msumarini karibu na grainda. Ninakiweka kibati ubavuni mwa kisu, nakiinua kwenye mwanga. Mwanga ukipita juu au chini, najua ni wapi bado.

Sukuma kidogo, telezesha kulia na kushoto katika upana wote wa jiwe, usikae mahali pamoja. Ubavu ukikamilika hadi juu kabisa, hamia uso wa mbele, kisha uso wa juu mwishowe. Usimamishe kazi kabla alama za jiwe hazijafika kwenye ukingo wenyewe. Watu wengi huacha ukanda mwembamba wa uso wa zamani, nusu milimita tu, wakadhani wamekaribia vya kutosha. Ukanda huo ndio utakaokutana na chuma. Kazi yote iliyo chini yake haina faida.

Paka kalamu ya maka kwenye uso unaotaka kunoa, nyeusi au buluu. Gusa jiwe mara moja, angalia wino umefutika wapi. Umefutika chini tu? Inua mkia wa kisu. Juu tu? Shusha. Kwa dakika hiyo moja utajifunza zaidi ya saa nzima ya kubahatisha, na wino huo bado nautumia kila ninaponoa, sioni aibu yoyote.

Kinoo

Wengi wakishatoka kwenye grainda hufunga kisu na kuanza kazi. Inawezekana, kwa kazi ya kupunguza tu. Lakini ukitaka uso laini, grainda ni nusu ya safari. Ukitazama kwa lenzi ya kukuza mara 10, makali yaliyotoka kwenye jiwe la mkwaruzo ni kama meno ya msumeno, na kila jino litaandika mstari wake juu ya kazi yako.

Hapa umbo la jiwe linakusaidia. Kwa kuwa jiwe ni la mviringo, uso ulioutoa si bapa, umebonyea katikati. Kwa jiwe la milimita 150 na kisu cha kimo cha 10, kubonyea huko ni kama milimita 0.17, karibu unene wa karatasi mbili za daftari. Kisu kikilazwa juu ya kinoo, hugusa sehemu mbili tu, ukingo wa juu na ukingo wa chini. Hapo mkono hupata utulivu wenyewe, kama kiti kinachokaa kwenye miguu yake. Sikiliza kwa vidole: kisu hutulia kwa mguso mdogo, unausikia hasa. Ukishausikia, sogeza kisu mbele na nyuma bila kukitikisa, na tone la mafuta mepesi juu ya jiwe. Baada ya misogeo kumi hivi, nyuzi mbili zinazong'aa zitatokea, moja juu, moja chini. Uzi wa juu ukiwa umekamilika bila kukatika kutoka mwanzo hadi mwisho wa makali, umemaliza uso huo.

Fanya hivyo kwa nyuso zote. Usiusahau wa juu, maana makali ni ya nyuso mbili, na ukilainisha mmoja tu umenoa nusu. Kunoa uso mmoja pia husukuma utando mwembamba wa chuma kwenda upande wa pili. Hauonekani, lakini ukivuta pamba kutoka uso wa juu kuelekea nje, hunasa nyuzi zake. Utando huo ukiachwa, huvunjika kwenye kazi na kuondoka na vipande vya makali. Uondoe kwa misogeo miepesi ya kinoo upande wa pili, kwa kubadilishana.

Ncha yenyewe isiachwe kama sindano. Ukikata kwa mwendo wa milimita 0.1 kwa kila mzunguko kwa ncha ya mviringo wa nusu-kipenyo cha 0.1, mifereji inayobaki kwenye kazi ina kina cha karibu milimita 0.0125, na ukucha unaihisi. Ongeza mviringo hadi 0.4 na kina hicho hushuka hadi 0.003, uso unakuwa hariri. Usiongeze zaidi bila sababu. Mashine ndogo haina uzito wa kubeba ncha pana, itatetemeka.

Kukagua

Nimekuwa nikikagua njiani tangu mwanzo, na hivyo ndivyo inavyopaswa kuwa. Ukaguzi wa mwisho ni wa mlangoni, kama ami. Shika kisu makali yakitazama juu, mwanga ukiwa mbele yako, kigeuze polepole sana. Ukingo ulioviringika ni uso mdogo wa tatu, na kila uso huakisi mwanga kwenye pembe fulani: utauona kama uzi mweupe, au kama nukta moja inayometa mahali palipomenyeka. Makali ya kweli hayana upana wa kuakisi chochote. Unatazama mkutano wa nyuso mbili na katikati yake hakuna kitu.

Kisha ukucha. Gusa makali kwenye ukucha wa kidole gumba kwa pembe ya kulala, bila kusukuma. Yakishika mara moja, yapata. Yakiteleza, rudi kwenye kinoo. Jaribu sehemu tatu au nne za urefu wake, maana mara nyingi katikati pazima na karibu na ncha pamekwisha.

Kisu kilichokwishafanya kazi hukaguliwa kwa macho mengine. Tazama chini ya makali, kwenye uso wa ubavu. Utaona ukanda uliosuguliwa, unaong'aa. Kiwango cha kimataifa cha kupima maisha ya visu hivi huuweka mwisho wake kuwa milimita 0.3 kwa wastani, unene wa karatasi tatu hivi za kawaida. Nyumbani sioni sababu ya kungoja hadi huko. Ukanda ukionekana wazi kwa macho matupu, noa. Misogeo michache ya kinoo leo inaokoa safari ya grainda kesho, na kila safari ya grainda hula kisu chako. Tazama pia juu ya ncha kama kuna chuma kilichoganda, kidonge kidogo kilichojibandika. Alumini hupenda kufanya hivyo. Kinoo huking'oa, na mafuta ya taa wakati wa kukata huzuia kisirudi.

Pini ya usukani niliirudia. Chuma laini hukatwa na haispidi kwa takriban mita 25 kwa dakika, na kwa kipenyo cha 20 hiyo ni kama mizunguko 400. Nikapaka mafuta ya nazi kwa brashi, mafuta ya nyumbani yanayofanya kazi hii vizuri kuliko watu wanavyodhani. Maranda yalitoka yakijiviringa, rangi ya fedha, mengine ya manjano hafifu kama majani makavu. Yangetoka ya buluu ningepunguza kasi, haispidi haipendi kwenda huko. Sauti ilikuwa mnong'ono wa kuendelea. Nilipopima kwa maikromita mwisho mmoja na mwingine, tofauti ilikuwa milimita 0.01. Kipande kikiwa kinene zaidi upande mmoja huku mashine imepimwa sawa, mara nyingi ni kisu butu kinachosukuma kazi badala ya kuikata, na kazi inapinda kukikwepa.

Limebaki la hewa yetu. Kusi likivuma, chumvi huingia hata stoo yenye mlango mzima, na kutu haihitaji kuwa nyingi ili iharibu kisu. Madhara yake huonekana kwanza kwenye makali, penye chuma kidogo kuliko pote. Kisu kilicholala wiki mbili bila mafuta, ukikitazama kwa lenzi, kina vishimo kwenye mstari ambao uliuacha safi. Baada ya kukausha vidole vyangu, kwa kuwa jasho nalo ni chumvi, napaka mafuta ya mashine, nakizungushia kipande cha khanga kuukuu, na kukiweka kwenye mkebe wa mfuniko. Kwenye mfuniko nimeandika kwa maka: chuma, 8 na 14; shaba, 8 na 0. Nikifungua sihitaji kukumbuka kipi ni cha nini, nakwenda nacho mlangoni moja kwa moja.